Unafuu Huu Anaulipa Nani?



Mwezi wa Shaaban uliopita, baada ya sala ya Alasiri, alinijia hapa nyumbani Morogoro mtu mmoja niliyemsomesha chuoni alipokuwa mtoto. Sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake. Baada ya shikamoo na kuulizana hali akaniambia: "Maalim, nimekuja kutaka shauri. Nataka kuifufua pikipiki ya marehemu baba. Natafuta fundi mzuri, lakini awe wa bei nafuu."

Nilicheka kidogo, nikamwambia kwamba mimi ni mwalimu wa vitabu, wala si mwalimu wa injini. Akasema: "Najua, Maalim. Lakini nimekwisha kwenda kwa mafundi watatu, na kila nikitoka kwa mmoja wao moyo hautulii. Sijui kama tatizo ni pikipiki au ni mimi."

Neno hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kwani nani katika sisi hatafuti unafuu? Tunautafuta sokoni, kwa fundi cherehani, kwa mjenzi na kwa anayetufulia nguo. Na kutafuta unafuu si dhambi. Mwenye kutunza mali yake ni mtu mwenye akili. Lakini ni mara ngapi tunajiuliza swali hili: unafuu huu ninaoupata, anaulipa nani?

Pikipiki yenyewe

Pikipiki hiyo ni BSA Bantam. Kampuni ya BSA ilianzishwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1861 kwa kutengeneza bunduki, na baadaye ikatengeneza baiskeli na pikipiki. Bantam ilitoka mwaka 1948 na ikaendelea kutengenezwa hadi mwaka 1971. Ni pikipiki ndogo; zile za mwanzo injini yake ni ya ujazo wa sentimeta 123 tu, ya mipigo miwili, ambayo oili yake huchanganywa ndani ya petroli. Hata mchoro wake si wa Waingereza wenyewe. Waliuchukua kwa Wajerumani, kutoka pikipiki ya DKW, kuwa fidia baada ya Vita Vikuu vya Pili.

Marehemu aliinunua mkononi mwaka 1966 kutoka kwa karani wa shamba moja la mkonge. Alikuwa dresa wa zahanati, na kwa pikipiki hiyo alipanda na kushuka milima ya Uluguru upande wa Mkuyuni na Kinole, masika na kiangazi, akiwafuata wagonjwa wasioweza kuletwa. Watu wa huko waliujua mlio wake. Mwenye mgonjwa akiusikia usiku kutoka bondeni, alipata matumaini kabla hajamwona anayekuja. Tangu miaka ya 1990 pikipiki hiyo imelala bandani. Matairi yamepasuka, tangi limeshika kutu, na kuku wanatagia chini yake.

Na liko jambo jingine ambalo msomaji wa Mombasa, Tanga au Unguja huenda halijui. Waluguru kwa mila yao hufuata ukoo wa upande wa mama, na ardhi ya ukoo hupita upande huo. Alipofariki marehemu mwaka 2014, mashamba aliyokuwa akiyalima katika ardhi ya ukoo wake yalirudi kwa wana wa dada zake. Watoto wake wana haki yao kwa ukoo wa mama yao, na nyumba waliyokulia imejengwa huko. Basi kitu ambacho wangeweza kukigusa wakasema, "Hiki ni cha baba," kilikuwa ni ile pikipiki. Ndiyo maana sikumwambia, "Achana na chuma chakavu." Kwake yeye hakikuwa chuma chakavu.

Mafundi watatu

Nilimwomba anieleze walivyosema mafundi hao, mmoja mmoja.

Wa kwanza alikuwa kijana wa karibu na Msamvu. Alitaka shilingi 350,000 na wiki moja. Angeipiga msasa, angepuliza rangi ya kijani kama ya zamani, angeweka kiti kipya na taa mpya. Injini na breki hakuzitazama kabisa.

Wa pili alikuwa Mji Mpya. Huyu alisema injini atairekebisha, na vilivyoharibika kabisa atavibadilisha kwa spea za bodaboda za bei ya chini mno. "Wewe usiulize zinatoka wapi," akamwambia, "ulizia zinafika lini."

Wa tatu alikuwa mzee wa Kihonda, mmoja wa wachache waliobaki wanaoijua vizuri injini ya mipigo miwili. Aliikagua kwa saa nzima, akataka shilingi 900,000 za kazi peke yake, spea mbali, na miezi minne. Mwanafunzi wangu akaanza kushusha: laki saba, laki tano, mpaka akafika laki nne. Mzee akanyamaza, kisha akakubali. Siku hiyo ilikuwa ni wiki ya kufungua shule, na mzee huyo analea wajukuu.

"Huyo wa tatu," akaniambia, "ndiye aliyenifaa kuliko wote. Na ndiye aliyeninyima usingizi. Alikubali upesi mno, Maalim."

Ndugu msomaji, hapo nilijua kwamba tatizo si pikipiki.

Maji ya juu na watu wa chini

Sisi tunaoishi chini ya milima hii tunao mfano wetu. Mto Ruvu unaanzia Uluguru, na maji yake yananywewa mpaka Dar es Salaam. Mtu akifyeka msitu huko juu mteremkoni, yeye amepata shamba rahisi. Hakununua mbolea, hakuhangaika na matuta. Lakini mvua ikinyesha, udongo unashuka kwenye mito na kwenye Bwawa la Mindu, ambalo mji wetu wa Morogoro unalitegemea. Gharama aliyoikwepa yule wa juu haikupotea. Imeteremka tu, ikamfika mwingine ambaye hakuulizwa.

Hivyo ndivyo ulivyo unafuu mwingi wa dunia hii. Hautoki hewani. Ama umeulipa mwenyewe kwa subira yako na mikono yako, na huo ni halali yako. Ama ameulipa mwenzako kwa hasara yake naye hakuridhia, na hiyo ni dhulma hata kama imevaa nguo ya biashara. Wanafunzi wa fiqhi wanaijua kanuni kwamba dhara haiondolewi kwa dhara iliyo mfano wake. Mimi nikiondoa uzito mfukoni mwangu na kumtwika mwingine, sikuondoa kitu, nimehamisha.

Basi tuwatazame watu wanne ambao mwanafunzi wangu alikuwa karibu kuwatwika uzito wake bila kujua.

Kwanza: warithi wenzake

Nilimwuliza: "Pikipiki hii ni ya nani?" Akajibu: "Ya baba." Nikamwambia: "Baba yako hana tena mali katika dunia hii. Tangu siku ile ya 2014, baada ya kulipwa madeni yake na kutekelezwa wasia wake kama alikuwa nao, kila alichokiacha kina wenyewe walio hai."

Marehemu ameacha mke, watoto wawili wa kiume na wawili wa kike. Tuseme wajuzi wawili wameikadiria pikipiki, kama ilivyo na kutu yake, kuwa ni shilingi 480,000. Mama ana thumuni, yaani 60,000. Zinabaki 420,000, kila mwanamume ana 140,000 na kila mwanamke 70,000. Kwa hiyo huyu aliyekuja kwangu anamiliki chini ya theluthi moja ya kitu anachotaka kukifufua. Akikifufua akakipanda kana kwamba ni chake, unafuu wa kwanza aliokwisha kuupata ni shilingi 340,000 za wenziwe.

Akasema: "Lakini Maalim, niliwauliza mbele ya wazee siku ya hitima, wakasema hawana neno." Nikamwambia: mwanangu, dada aliyelelewa kwa adabu, akiulizwa na kaka yake mkubwa mbele ya wajomba na majirani, machozi ya msiba hayajakauka, unatarajia aseme nini? Atasema "sina neno, kaka." Lakini "sina neno" ya haya si "sina neno" ya ridhaa. Ukitaka kuijua ridhaa yake, kwanza mwambie haki yake ni kiasi gani, kisha mwulize faraghani, kisha mpe muda, na umwonyeshe kwamba akiitaka utampa bila ya kununa.

Na serikali nayo ina utaratibu wake. Kadi ya pikipiki ingali na jina la marehemu, na haiwezi kubadilishwa kwa maneno ya barazani. Yafaa familia ikubaliane, ateuliwe msimamizi wa mirathi katika Mahakama ya Mwanzo, ndipo jina libadilishwe katika Mamlaka ya Mapato. Wengi hukwepa taabu hii kwa kutafuta wepesi, na wepesi huo huja kulipwa na watoto wao watakapogombana.

Pili: fundi

Hapa, ndugu msomaji, sina budi kujitaja mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilimpelekea fundi mmoja baiskeli yangu. Akataja bei, nikaishusha. Akataja nyingine, nikaishusha tena. Watoto wake walikuwa wanasoma kwangu. Mwisho akasema, "Haya, Maalim, toa unachoona." Nikatoa nilichoona, nikarudi nyumbani nikimsifu mbele ya watu kuwa ni fundi muungwana. Baada ya miezi mingi nikaja kusikia kwamba bering'i za gurudumu alizinunua kwa fedha zake, kwa sababu aliona haya kumdai mwalimu wa wanawe. Mimi nilidhani nimepatana bei. Kumbe nilikuwa nimemuuzia kilemba changu.

Nilikwenda nikamlipa. Lakini tangu siku hiyo najua kwamba kuna bei inayoshuka kwa maelewano, na kuna bei inayoshuka kwa sababu mmoja hana uwezo wa kusema hapana. Ya kwanza ni biashara. Ya pili inafanana nayo kwa sura tu. Aliyesimama mbele yako ana njaa, au ana haya, au ana mjukuu aliyerudishwa shule. Ukiutumia udhaifu wake kuwa mizani yako, umepunja, ijapokuwa hukushika mizani. Tunasoma kila siku onyo kali lililowashukia wapunjao vipimo, tukadhani linawahusu wauza mchele peke yao.

Sheria yetu imetaka ujira ujulikane kabla ya kazi, na Bwana Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Na wahenga wa pwani wakasema, mkono mtupu haulambwi. Fundi uliyemkaba mpaka laki nne hataacha kula. Atakula kwa kuiacha kazi yako pembeni na kufanya za wengine, au kwa kurudisha mle ndani kifaa kilichochakaa. Kisha utasema mafundi wote ni wezi, nawe ndiwe uliyemfundisha.

Tatu: mwenye spea

Mwendesha bodaboda wa mji huu mara nyingi pikipiki si yake. Ameichukua kwa mkataba. Kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri mpaka mwaka au zaidi upite ndipo iwe mali yake. Pikipiki ya kijana huyo ikiibwa usiku, asubuhi imekwisha kuwa vipande: kabureta huku, gurudumu kule, taa kwingine. Na yeye bado anadaiwa.

Sisemi kwamba kila spea ya mtumba ni ya wizi. Nyingi ni halali. Nasema kwamba ukiambiwa "usiulize," basi umekwisha jibiwa. Je, utairudisha heshima ya baba aliyekesha kwa ajili ya wagonjwa kwa kufunga juu ya pikipiki yake machozi ya mtoto wa mwenzio?

Nne: mpita njia

Barabara ya kutoka Kinole inateremka kwa kona nyingi, na pembeni mwake watoto wanatoka shule na akina mama wamebeba ndizi. Breki za Bantam ni ndogo, na injini ya mipigo miwili haisaidii sana kuizuia pikipiki mteremkoni kama zinavyosaidia injini nyingine. Anayepaka rangi mpya juu ya breki zilizokufa, unafuu wake utalipwa na mtoto wa watu. Huo ndio uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwa hiyo shilingi ya kwanza iende kwenye breki, matairi, spoki na taa. Ya pili kwenye injini. Na rangi iwe ya mwisho kabisa, au isiwepo.

Unafuu wa halali

Huenda msomaji ataniambia: "Basi Sheikh, mnyonge asiguse kitu chochote?" La, hasha. Unafuu wa halali upo, ila mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kwanza amua unataka nini. Pikipiki ya kutembea na pikipiki ya kutazamwa si kitu kimoja, na hii ya pili inaweza kugharimu mara kadhaa. Kisha fanya mwenyewe kazi isiyohitaji fundi: kuosha, kukwangua kutu, kusafisha tangi. Kabla ya kufungua hata skrubu moja, piga picha kwa simu yako, na kila kundi la skrubu litie katika kopo lake lenye jina. Saa za fundi ni fedha; usimlipe kutafuta skrubu mchangani.

Mlipe fundi kwanza kwa ukaguzi peke yake. Aitazame silinda, cheche za plagi, krenki na sili zake za mpira, kwani injini ya namna hii ikikaa miaka mingi sili hukauka, hewa ikapenya, nayo ikakataa kuwaka. Ukaguzi ukikamilika, ndipo bei iwe ni bei ya kitu kinachojulikana. Sili nyingi huuzwa kwa vipimo, wala haidhuru kwamba hazikuandikwa BSA. Zipime, uzitafute katika maduka ya bering'i. Bushi iliyolika inaweza kukerezwa hapa hapa. Mafundi wa kukereza wapo mjini, na waulizie pia VETA Kihonda na SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Silinda iliyolika hupanuliwa, ikatiwa pistoni kubwa kidogo. Kisichopatikana kabisa ndicho kiagizwe Uingereza, ambako spea za Bantam bado zinatengenezwa, na kiagizwe mara moja kwa pamoja ili usilipe usafirishaji mara tano.

Mapatano yaandikwe, na malipo yaende kwa hatua: kazi hii imekwisha, fedha hii hapa. Tena mpeleke mwanao akakae na mzee huyo siku za mapumziko. Ndugu zetu wa Unguja wana Vespa za zamani zinazotembea mpaka leo, kwa sababu wako mafundi wanaozijua na wanaozitengeneza kidogo kidogo. Mzee wa Kihonda akiondoka na elimu yake, pikipiki zote za namna hii zitakuwa mabanda ya kuku.

Na juu ya yote, kabla ya kumlipia aliyekufa, tazama walio hai. Nilimwuliza: "Mama yako anatumia dawa za presha. Za mwezi huu zimenunuliwa?" Akasema zimenunuliwa. Nikamwambia: "Basi endelea. Siku utakapoziruka ili ununue pistoni, siku hiyo hiyo pikipiki imekuwa israfu."

Alivyorudi

Alirudi baada ya Idi. Ndugu yake wa kiume alikubali washirikiane gharama. Mama alisamehe thumuni yake kwa sharti moja, kwamba wajukuu wasipewe kushindania mbio. Dada mkubwa alisamehe, naye alipewa wiki mbili za kufikiri. Lakini dada mdogo, aliyeolewa Tanga, alisema kwa sauti ndogo katika simu: "Kaka, mimi naiomba ile elfu sabini. Nina shida nayo."

"Iliniuma, Maalim," akaniambia. "Nikawaza, kwa baba yetu anadai elfu sabini? Kisha nikakumbuka kwamba miaka yote hii nilikuwa nikisema hana neno."

Alimpeleka fedha yake siku ile ile. Kisha akaenda Kihonda, akamwambia mzee kwamba laki nne ilikuwa kosa. Wakakaa upya. Kazi ya kufungua, kuosha na kukwangua ikaondolewa kwa fundi, akaichukua yeye na mwanawe, na bei ikawa 750,000 kwa hatua tano. Muda ukawa miezi minane badala ya minne. Huo ndio unafuu aliokuwa akiutafuta, na ameulipa mwenyewe, kwa kucha zake na kwa kungoja kwake.

Ninapoandika haya pikipiki haijaisha. Breki zimekamilika, krenki imo, rangi haijaguswa. Imewashwa mara moja tu, uani kwa mzee, ikalia kwa dakika chache na kuzimika. Mama alikuwa amesikilizishwa kwa simu. Nimeambiwa hakusema kitu. Aliomba tu iwashwe tena.

Ndugu msomaji, nawe huenda huna pikipiki ya urithi. Lakini leo au kesho utapatana bei na mtu. Ikishuka, kabla hujafurahi, mtazame usoni. Mwenyezi Mungu atujaalie riziki isiyo na kilio cha mtu ndani yake, na awarehemu wazee wetu waliotutangulia. Amin.